Ua la Usambara au Zamiokulkasi?

Mama wa nyumba asimamapo mbele ya miche inayouzwa kando ya barabara za Kampala, jicho lake huvutwa kwanza na ua dogo la zambarau, lenye majani ya manyoya laini kama mahameli. Hilo ni ua la Usambara. Karibu nalo huonekana mmea mrefu usio na ua la kupendeza, majani yake mazito yakimeremeta kana kwamba yamepakwa mafuta. Huo ni zamiokulkasi. Yote miwili asili yake ni Afrika, lakini tabia zao hazifanani hata kidogo, na anunuaye kwa uzuri tu aghalabu hujuta.

Ua la Usambara lilipelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga. Ndiyo sababu wataalamu waliliita saintpaulia. Kwao ni kwenye miamba yenye kivuli, misituni, penye hewa ya unyevunyevu. Kwa hiyo hupenda mwanga mwingi usio wa jua kali, na dirisha lenye pazia jepesi lalifaa. Maji baridi yakidondokea majani huacha madoa yasiyofutika. Heri yatiwe katika kisahani chini ya chungu, udongo uyanywe kwa nusu saa, kisha yaliyosalia yamwagwe. Udongo wa juu ukikauka, lipewe tena, halivumilii kusahauliwa.

Zamiokulkasi huota porini kuanzia Kenya hadi kaskazini-mashariki ya Afrika Kusini, mahali penye miezi ya ukame. Chini ya udongo una shina nene mfano wa kiazi, ghala lake la maji. Waweza kukaa wiki tatu bila tone, hata katika pembe ya sebule yenye mwanga hafifu. Mara nyingi huuawa na huruma: kila apitaye huumwagia kikombe, kiazi huoza, majani yakawa manjano.

Basi nyumba ambayo wote huenda kazini, na likizoni hufungwa wiki mbili familia ikiwa kijijini, isinunue ua la Usambara. Lakini akiwapo bibi ashindaye nyumbani, asiyeweza kuona mmea bila kushika kopo la maji, zamiokulkasi hautadumu. Ua la Usambara litampa kazi aipendayo, mradi afuate kisahani.

Yuko pia mtoto atambaaye. Zamiokulkasi una chembe zenye ncha kama sindano. Akiutafuna, kinywa na ulimi humchoma na kuvimba. Ua la Usambara halina madhara hayo. Penye mtoto wa namna hiyo, zamiokulkasi uwekwe juu ya kabati refu, au usubiri akue.

Mwenye shaka asiharakie kutoa fedha. Jirani mwenye ua la Usambara huombwa jani moja na kikonyo chake. Likichomekwa katika udongo mwepesi wenye unyevu, baada ya miezi michache huchipua mche.