Draiva Imegoma, Windo Ina Kosa Gani?

Mafundi kompyuta wa Tunduma, nawaambia waziwazi: acheni kuwapigia watu windo, yaani kufuta diski na kuweka Windows upya, kwa kila kioo kilichozima. Mwalimu anashuka kutoka Ibaba, huko milimani Ileje, sipiyu kaifunga nyuma ya bodaboda kwa kamba ya mpira na kuifunika nailoni kwa sababu ya mvua. Jioni anarudishiwa mashine inawaka vizuri, lakini mitihani aliyotunga, alama za wanafunzi na picha za msiba wa baba yake hazimo. "Nimepiga windo, Mwalimu," anaambiwa, kisha anadaiwa hela. Huko ni kumharibia mtu mali yake na kumtoza juu.

Na ugonjwa mara nyingi ulikuwa draiva ya kadi ya grafiki, basi. Windows Update imeishusha yenyewe usiku, imekula bando, na kulipokucha kioo ni cheusi huku feni inazunguka. Au kinawaka, ila maandishi yamevimba, na ukifungua Device Manager unakuta Microsoft Basic Display Adapter. Faili za mwenye mashine hazijaguswa, zipo kwenye diski. Anayezifuta ni fundi.

Najua kwa nini mnaipenda windo: flashi iko tayari mfukoni, bei inajulikana, na haimlazimishi mtu kuumiza kichwa. Halafu mnajitetea kwamba kioo kikiwa cheusi hamna pa kushika. Mnapo! Bonyezeni kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, draiva ijianzishe upya. Ikigoma, zimeni mashine kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pale tu Windows inapoanza kuonekana, rudieni, na safari ya tatu itawafungulia ukurasa wa matengenezo. Ingieni Safe Mode, mfungue Device Manager, mbonyeze Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, ondoeni draiva hiyo pamoja na faili zake, muweke inayolingana na modeli ya mashine, kutoka kwa Dell au HP wenyewe.

Watengenezaji nao huvurunda. Machi 2010 NVIDIA iliiondoa draiva yake 196.75 kwa sababu ilivuruga mwendo wa feni, kadi zikapata moto kupita kiasi. Wateja waliambiwa warudi kwenye toleo 196.21. Hakuna aliyeambiwa afute diski!

Tena kadi nyingi tulizonazo ni za zamani. GT 710 ni ya kizazi cha Kepler, ambacho NVIDIA ilikiacha nyuma mwaka 2021 kikabaki na draiva za mfululizo wa 470. Fundi anayemshushia mteja draiva mpya kabisa bila kusoma jina la kadi anamteketezea bando bure.

Nanyi wenye mashine, msiache kompyuta kwa fundi kabla hamjaandikishiana kwamba diski C haifutwi bila kupigiwa simu. Kama diski yenyewe inakufa na windo haikwepeki, fundi ahamishe kwanza Desktop, Documents na Pictures kwenye diski ya nje, mteja azifungue azione kwa macho yake, ndipo hela itoke.