Takrima, Msaada au Hongo?

Kampeni za uchaguzi wa Desemba 2023 nchini Kongo zilidumu siku 30. Wilaya ya Walikale peke yake ina zaidi ya kilometa za mraba 23,000, inakaribia ukubwa wa Rwanda nzima, na njia zake nyingi ni za pikipiki na miguu. Mgombea anayetaka kuonana na wapiga kura wa Buleusa lazima alipie pikipiki, mafuta, malazi na watu wa kumtangulia. Mwalimu wa shule ya msingi, hata awe na mawazo mazuri namna gani, hana fedha hizo. Mwenye nazo hufika, na haji mikono mitupu: huja na vitenge, fulana, chumvi na sabuni.

Vitu hivyo tuviite nini? Wanasheria wana jibu lao, lakini swali hili ni letu pia sisi tunaosoma lugha, kwa sababu jina ndilo linaloamua kama kuna kosa au hakuna.

Tanzania ililiona jambo hili wazi. Mwaka 2000 sheria yake ya uchaguzi ilirekebishwa ili mgombea aruhusiwe kutoa takrima. Neno hilo lina mzizi mmoja wa Kiarabu na ukarimu na karama. Nani atapinga ukarimu? Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume cha Katiba: vilimbagua mgombea asiye na kitu, na vilifungua mlango wa rushwa. Mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Gharama za Uchaguzi, yenye kuweka kikomo cha matumizi ya kampeni.

Kwetu neno linalofanya kazi hiyo ni kusaidia. "Huyu alitusaidia," watu husema. Kitenzi hiki kina mwenye shida na mwenye uwezo, basi. Hakitaji malipo yoyote. Hongo ina sharti: nakupa ili unipe. Kipimo chake ni chepesi. Msaada hauna msimu. Chumvi inayokuja kila baada ya miaka mitano, ikifuatana na picha na namba ya mgombea, hiyo ina sharti hata kama hakuna aliyelitamka.

Wapo watakaosema kwamba ni rahisi kwa mwanafunzi aliyeshiba kumwambia mama aliyekimbia vita asipokee sabuni. Ni kweli, na mimi simwambii hivyo. Pengine sabuni hiyo ndiyo kitu pekee alichowahi kupata kutoka kwa wanasiasa. Lawama ni ya anayegeuza shida yake kuwa bei ya kura. Aliyenunua kiti ana deni la kurudisha fedha zake kwanza, na barabara ya Buleusa itangoja.

Sheria zetu nazo zinaupendelea mfuko mnene. Mgombea urais mwaka 2023 alitozwa faranga milioni 160, zisizorudishwa. Ni kweli kwamba Januari 2024 CENI ilifuta kura za wagombea 82, udanganyifu na rushwa vikiwa miongoni mwa sababu. Lakini adhabu baada ya kura haimrudishii mwalimu yule siku 30 ambazo hakusikika.

Ninapendekeza mambo mawili. Serikali iweke kikomo cha matumizi na igharamie muda sawa kwa kila mgombea katika redio za jamii, kwa kuwa redio hufika pasipofika gari. Pili, kitivo chetu kiitafsiri sheria ya uchaguzi, iliyoandikwa kwa Kifaransa, kwa Kiswahili na kwa lugha za Walikale na Masisi. Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mpiga kura ana haki ya kuisoma sheria kwa lugha anayoielewa. Tutakapofika kwenye neno la Kifaransa corruption, tusiliandike "msaada".