Chaja ya gari la umeme nyumbani: mbele ya kulipa dola, tazama kwanza waya za nyumba yako

KATOGOTA – Magari na pikipiki za umeme zinatukaribia pande zote. Ngambo ya Ruzizi, Rwanda iliondoa kodi nyingi juu ya magari hayo tangu 2021, na kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya zinazoandikishwa kwa kazi ya kubeba abiria mjini Kigali zinapaswa kuwa za umeme. Ethiopia, katika mwaka wa 2024, ilikataza kuingiza magari madogo ya esanse. Kenya iliweka tangu 2023 bei ya pekee ya umeme kwa wenye kuchaji vyombo vya usafiri, na usiku bei hiyo inashuka. Bujumbura nako, ukosefu wa esanse wa miaka hii umefundisha watu kulala kwenye foleni ya pompe.

Kwa hiyo swali lililokuwa la watu wa mbali limeanza kufika kwetu, kwa wafanyabiashara wa Uvira, kwa wamotari wa Kamanyola na Luvungi, na kwa mwenye kuwa na ndugu Kigali ao Dar es Salaam anayemtafutia gari: nikipata chombo cha umeme, nitakichaji namna gani nyumbani? Ninunue chaja ya bei kali yenye mambo mengi, ao ile ya kawaida?

Jibu fupi ni hili: kwa hali ya umeme wetu, chaja ya bei kali haikuletei umeme zaidi. Pesa ya kwanza iende kwa waya, kwa waya ya udongo na kwa dijonteri. Inayobaki ndiyo ya chaja. Tuone sababu moja moja.

Kile kisanduku cha ukutani si chaja yenyewe

Watu wengi wanafikiri kisanduku kinachofungwa ukutani ndicho kinachojaza batri. Sivyo. Kwa kuchaji kwa nyumbani, chaja ya kweli iko ndani ya gari. Kisanduku kinapitisha tu umeme wa nyumba, kinaangalia usalama, na kinaambia gari: unaruhusiwa kuvuta ampere kadhaa, usizidishe.

Hapo ndipo wauzaji wanapotupita akili. Mtu anauziwa kisanduku cha kilowati 22, na gari lake haliwezi kupokea hata nusu. Chukua Nissan Leaf za kwanza, zilizotoka Japani kuanzia 2010 na batri ya kilowati-saa 24. Nyingi kati yake zinapokea kilowati 3 na kitu, nyingine 6 na kitu. Ukizifunga kwenye kisanduku cha 22, zitapokea zile zile 3 ao 6. Umelipa mtungi wa lita 20 wakati mdomo wa kopo lako ni wa lita 3.

Tena hiyo 22 inaomba umeme wa nyaya tatu, ule wa viwanda vya kusaga na vya kuchomelea vyuma. Nyumba zetu nyingi zina umeme wa waya moja na volti 220. Kwa umeme huo hesabu iko hivi:

– prizi ya kawaida ikivuta ampere 10 inatoa kilowati 2,2;
– ampere 16 zinatoa kilowati 3,5;
– ampere 32 zinatoa kilowati 7.

Gari dogo la umeme linakula karibu kilowati-saa 15 kwa kilometa 100, na linazidi hapo kama barabara ni mbaya ao mzigo ni mwingi. Wewe unayeijua Barabara ya Taifa namba 5, weka 20 ndipo usidanganyike. Ukichaji kwa ampere 10 usiku kucha, masaa 8, unapata 17,6. Toa karibu sehemu moja ya kumi inayopotea njiani, inabaki karibu 16. Hiyo inatosha kwa kilometa 80 hivi. Anayezunguka Uvira mjini, toka Kalundu mpaka Kavimvira, hamalizi kilometa hizo kwa siku.

"Lakini umeme wetu haukai masaa 8"

Hilo ni kweli, na ni hoja nzito. Kama umeme unakuja masaa 3 tu, prizi ya ampere 10 itakupa 6 na kitu, karibu kilometa 30. Chaja ya ampere 32 kwa masaa yale yale matatu ingekupa 21, kama gari lako linaweza kuzipokea. Kwa hiyo fasi yenye delestaji, mwenye kutaka chaja ya nguvu hana ujinga. Anatafuta kukamata umeme wakati upo.

Tatizo liko kwa yule anayekaa nyuma ya ukuta. Umeme ukirudi, avenyu nzima inawasha pamoja: friji, pasi, ampuli, redio. Ndiyo saa ambayo volti zinashuka mpaka ampuli inakuwa nyekundu kama mshumaa. Mtu mmoja akiongeza kilowati 7 juu ya waya ile, ni sawa na kuwasha pasi saba kwa mara moja na kuziacha masaa matatu. Jirani ataona friji yake inakufa, na hatajua ni gari lako. Wewe mwenyewe unaweza kukosa, kwa sababu chaja nyingi zimewekewa kikomo: volti zikishuka sana zinasimama zenyewe.

Kwa hiyo jambo la kulipia si nguvu kubwa. Ni chaja inayokubali kubadilishwa: ampere 6, 10, 16, mpaka 32. Jioni unaiweka chini, usiku wa manane watu wakilala unaipandisha. Batani hiyo moja, kwetu, ina faida kuliko programu ya simu yenye rangi nyingi.

Mambo ya kulipia na mambo ya kuacha

Kwenye soko la kimataifa, chaja ya kubeba, ile ya waya yenye kisanduku kidogo katikati, inauzwa dola 150 mpaka 300. Ya ukutani yenye intaneti inaanza karibu 500 na kupanda. Ongeza usafiri na duane. Tofauti ya dola hizo 300 ni waya nzuri, dijonteri, na siku mbili za fundi anayejua kazi. Tugawe basi mambo haya.

Ya kulipia:

Kwanza, ulinzi wa kukata umeme ukivuja. Kama mtoto anashika gari wakati waya imetoboka, kisanduku kikate mbele ya moyo wake kusimama. Muulize muuzaji jambo hilo, na asikujibu kwa kichwa tu. Akuonyeshe kwenye karatasi ya kifaa.

Pili, uwezo wa kuchagua ampere, kama tulivyosema.

Tatu, kisanduku kisichoingia maji wala vumbi. Mvua ya hapa haibembelezi, na vumbi la kiangazi linaingia hata ndani ya saa ya mkono. Kwa wakaaji wa Uvira kuna lingine: ziwa. Mafuriko ya Mulongwe ya Aprili 2020 yaliua watu, na miaka hii maji ya Tanganyika yamepanda mpaka ndani ya nyumba za kando. Prizi ya kuchajia iwekwe juu, kimo cha kifua cha mtu mzima, si pale chini karibu na simenti.

Nne, mdomo unaolingana na gari. Magari ya Japani mengi ya zamani yana mdomo wa aina ya 1, ya Ulaya yana aina ya 2, na ya China yana wao. Waya isiyoingia kwenye gari lako ni kamba ya kuanika nguo.

Ya kuacha: intaneti ndani ya kisanduku, kusoma matumizi kwenye simu, taa za rangi, kufungua kwa kadi. Ni mambo mazuri fasi ambako bei ya umeme inabadilika saa kwa saa na mtandao hauanguki. Kwetu, konteri ya kawaida na kalamu vinakupa habari ile ile. Magari mengi pia yana saa ndani yake. Unayaambia yaanze kuchaji saa sita ya usiku bila kulipa kifaa kingine.

Kuna jambo la mwisho ambalo muuzaji wa Dubai hawezi kuliwaza. Mwaka wa 2025 vita ilishuka toka Bukavu mpaka kwenye bonde hili, na watu wengi wa Plaine na wa Uvira walivuka kwenda Burundi na vile walivyoweza kubeba. Chaja ya kubeba inaingia ndani ya gari na kuondoka nawe. Ya ukutani inabaki, na yule anayeingia nyumbani nyuma yako ataing'oa. Kwa mtu wa hapa, kubebeka ni sifa ya kwanza, hata kama haikuandikwa kwenye karatasi ya kifaa.

Fundi mbele ya chaja

Pasi inafanya kazi dakika 20. Gari linavuta bila kupumua masaa 6 ao 8. Waya nyembamba iliyovumilia pasi miaka kumi inaweza kuwaka kwa gari usiku mmoja. Kwa sababu hiyo, mbele ya kununua chochote, fundi avute waya ya pekee toka kwenye konteri mpaka fasi ya kuchajia, bila kuunganisha na nyingine. Iwe ya shaba: milimeta 2,5 kwa ampere 16 kama njia ni fupi, milimeta 6 kama unataka 32. Iwe na dijonteri yake. Tena pawe na waya ya udongo ya kweli, chuma kilichozamishwa chini, si waya iliyokatwa na kufichwa ndani ya ukuta. Chaja nyingi zinakagua waya hiyo zenyewe. Zikiikosa zinakataa kuwaka. Mafundi wengine wanaidanganya chaja ndipo iwake. Huyo amekuuzia ajali.

Rallonge ya sokoni isitumike hata siku moja. Ukigusa prizi baada ya saa moja na kukuta inaunguza mkono, zima.

Na wale wasio na SNEL?

Hapa ndipo hesabu inakuwa ngumu kwa vijiji vyetu vingi. Pano moja ya jua ya wati 300 inakupa karibu kilowati-saa 1 kwa siku, ukitoa mawingu na hasara. Kwa gari linalotaka 12 kwa siku, unahitaji pano 12, onduleri kubwa, na batri za kuhifadhi kama gari linashinda njiani mchana. Dola hizo ni za nyumba nyingine.

Pikipiki ni habari tofauti. Batri yake nyingi ni za kilowati-saa 2 mpaka 3. Pano tatu zinaijaza, na chaja yake inakuja nayo, inaingia kwenye prizi ya kawaida. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, umeme wa barabarani utafika hapa kwa magurudumu mawili mbele ya manne.

Tena Kigali inaonyesha njia nyingine. Kampuni kama Ampersand haziambii motari anunue chaja. Anafika kwenye kituo, anatoa batri iliyoisha, anachukua iliyojaa, analipa, anaenda. Sisi tunaijua biashara hiyo kwa mfano wake mdogo: ile nyumba ya kuchajia simu, ambapo mtu mmoja ana pano na kijiji kizima kinaleta simu. Wamotari kumi wakichanga kwa pano na chaja za pamoja, kila mmoja analipa kidogo kuliko akijifungia yake nyumbani.

Mto unapita, umeme unapita

Haifai tumwachie mwananchi peke yake hesabu hii. Ruzizi ya kwanza, iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, ina megawati karibu 30. Ya pili, ya mwaka 1989, ina karibu 44 na inagawanywa kwa nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Ruzizi ya tatu, ya megawati 206, inangojewa tangu miaka mingi, nayo ni ya nchi zile tatu. Magari 1.000 yakichaji pamoja kwa kilowati 7 yanaomba megawati 7, karibu robo ya Ruzizi ya kwanza. Anayeingiza magari bila kutengeneza laini na kabini anatuletea giza lenye magurudumu. SNEL na viongozi wa jimbo wangepaswa kuanza sasa: kusema mwenye kufunga chaja ajiandikishe wapi, kabini gani zinaweza kubeba, na kama usiku bei inaweza kushuka kama Kenya. Nchi inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya batri za dunia haipaswi kuwa ya mwisho kuuliza maswali haya.

Kwako wewe unayehesabu dola zako, chukua fakitire yako ya umeme, tafuta bei ya kilowati-saa moja, zidisha kwa 20. Hiyo ni kilometa 100 za gari la umeme kwa barabara zetu. Kisha chukua bei ya lita ya esanse, zidisha kwa 8. Hiyo ni kilometa 100 za gari dogo la esanse. Weka namba mbili pembeni, toa ndogo kwenye kubwa, zidisha kwa kilometa unazofanya kwa mwezi, gawanya kwa 100: hiyo ni akiba yako ya mwezi. Gawanya bei ya waya, fundi na chaja kwa akiba hiyo, na uone miezi mingapi inazilipa. Kama miezi inazidi umri wa batri ya gari unalopewa, ongea na ndugu yako wa Kigali akutafutie pikipiki.