Waelimishaji Rika wa Vyuoni ni Watoto wa Mji



Kila mwaka mji wetu wa Bagamoyo hupokea vijana kutoka pembe nyingi za nchi. Wengine huja kusoma katika chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981, ambacho leo twakiita TaSUBa. Wengine hufuata masomo ya uongozi wa elimu katika ADEM. Hupanga vyumba katika nyumba zetu, hununua samaki sokoni kwetu, na walio Waislamu husimama nasi katika safu za sala. Lakini tukiulizwa ni nani anayezungumza nao juu ya UKIMWI, dawa za kulevya na zinaa, twainamisha vichwa.

Wanaozungumza nao ni wenzao. Mwelimishaji rika ni kijana aliyefunzwa ili naye amfunze mwenzake wa umri na hali moja. Njia hii ina hekima, kwani kijana humficha baba yake, humwogopa mwalimu wake, ila humfunulia rafiki yake. Nayo haja ingalipo. Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 hadi 2023 uliona kwamba asilimia 4.4 ya Watanzania wenye umri wa miaka 15 na zaidi wanaishi na virusi vya UKIMWI. Kwa wastani huo, katika kila watu wazima mia moja, wanne au zaidi wamo katika mtihani huu.

Hata hivyo, kundi la chuoni lina udhaifu wa namna mbili. Kwanza, wanachama wake huhitimu na kuondoka na ujuzi wao. Pili, linapotegemea wafadhili, mradi ukifungwa nalo hufifia. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, tulikumbushwa kwamba kazi inayogusa uhai wa watoto wetu yaweza kutikiswa na amri iliyotiwa saini ng'ambo. Mwanafunzi hupita na mfadhili huondoka. Anayebaki ni mwenyeji, na kwa hiyo mlezi wa kundi hili yapasa awe mwenyeji.

Tusifichane: wamo miongoni mwetu wanaosema kwamba vijana hawa hufundisha mambo ya aibu, na hata sisi tumewahi kuwatazama kwa shaka. Hofu hiyo haikukosa msingi. Lakini anayewasusia hupoteza nafasi ya kuwanasihi. Wenzetu wa Uganda hawakususa. Mwaka 1989 Mufti wao alitangaza jihadi dhidi ya UKIMWI, na kuanzia mwaka 1992 jumuiya ya madaktari wa Kiislamu ya nchi hiyo ikawafunza maimamu na wasaidizi wao, nao wakaipeleka elimu majumbani. Hata suala zito la kondomu walilikalia kitako, madaktari na maimamu pamoja, wala hawakulikimbia.

Nasi Bagamoyo tuna mfano wetu. Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, aliletwa mji huu mtoto, tena mtumwa, kutoka upande wa Manyema. Alisomeshwa hapa, kisha akawa mwalimu wa mji mzima. Hata asiyefuata tarika yake hawezi kukana kwamba mji uliomlea mgeni ulivuna elimu kutoka kwake.

Basi twapendekeza haya kwa kamati za misikiti, kuanzia Kunduchi hadi Saadani, popote penye chuo jirani. Kamati iwaalike viongozi wa kundi na isikilize wanachofundisha kabla ya kutoa hukumu. Ateuliwe mzee mmoja na mama mmoja wawe walezi, na daftari la kazi likae kwao, ili waingiao wajue waliotangulia walifikia wapi. Chumba cha madrasa kifunguliwe alasiri moja kila wiki. Nauli na chai zitoke katika sadaka zetu, japo kidogo. Na lililo kubwa kuliko yote, vijana wa mtaani, waendesha bodaboda na wavuvi wa pwani, wafunzwe pamoja na wanafunzi. Wanafunzi watakapohitimu, hao ndio watakaobaki na elimu.

Mwenyezi Mungu katika Sura Al-Maida, aya ya 2, anatuamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu. Haitutoshi kumzika kijana kwa heshima na kumsomea dua, ilhali alipokuwa hai tuliona haya kuzungumza naye. Tuanze Ijumaa hii, baada ya sala, kwa kuulizana: kundi la chuo kilicho jirani nasi linaongozwa na nani, nasi tumeshakaa nao lini?

Wabillahi tawfiq.