Mzingile na Sikio la Ajuza

Yako maoni yanayorudiwa na wahakiki wetu hata yamekuwa kama dua ya jioni, kwamba Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991 alifikia kilele cha uandishi wake. Mimi nayapinga maoni hayo, hususan kuhusu kitabu cha pili. Mtu aliyepanda mlima hata sauti yake haisikiki tena bondeni kweli yuko juu, lakini waliobaki bondeni wana haki ya kuuliza alipanda kwa faida ya nani.

Sisi wa kanda ya Ziwa tuna haki zaidi ya kuuliza hivyo. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, akasoma seminari Nyegezi, na riwaya zake nne za mwanzo zilikuwa kioo cha nyumba zetu. Rosa Mistika ya mwaka 1971 ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda, na vijana wakaisoma kwa kificho kwa sababu walimwona Zakaria mlevi na mkali wakamtambua. Alikuwa jirani yao. Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zikafuata. Wazee wetu wa vina na mizani walimrukia kwa ajili ya mashairi ya Kichomi mwaka 1974. Mimi mwenyewe natunga kwa vina, lakini ugomvi huo siuingii. Mtu ana hiari ya kuvua kanzu akavaa shati, almuradi asitoke uchi akatuambia kwamba hiyo ni nguo mpya.

Wala nisidhaniwe kuwa nadai mwisho wa furaha. Kazimoto wa Kichwamaji anajiua, na Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo anahukumiwa kifo. Ni miisho michungu mno, lakini msomaji akifunga kitabu anaweza kuirudia njia yote na kuonyesha kwa kidole palipopotoka: hapa ni mzazi, hapa ni elimu iliyomtenga kijana na watu wake, hapa ni tamaa, hapa ni madaraka. Uchungu wa namna hiyo ni dawa.

Nagona nayo naikubali, japo si rahisi. Msimulizi wake anaingia katika mji wa kimya wa watu waliozama vitabuni. Anakutana na wanafalsafa wa dunia wakibishana kama wendawazimu. Anamfuata paa asiyekamatika. Mwishowe inapigwa Ngoma Kuu, na mkombozi wa pili anaahidiwa. Mwalimu mwenye subira anaweza kuipitisha darasani, kwani kila mtoto anaujua ukaidi wa kitu kinachokimbia kila unapokikaribia. Lakini msomaji aliyetoka na ahadi hiyo mkononi anafungua Mzingile, na humo anakuta nini? Msimulizi anatumwa kumpelekea mzee mmoja habari za kifo cha mwanawe. Kisha tunatembezwa katika nchi iliyoteketea, na mwishoni tunaachiwa mwanamke na dokezo la uumbaji mpya. Nani aliiteketeza nchi? Kwa amri ya nani? Nani alilipwa, nani alinyamaza? Maswali haya hayajibiwi, na kosa kubwa zaidi ni kwamba hayaulizwi. Maangamizi yanakuja kama mvua ya masika, na ulimwengu mpya unachipua kama majani baada ya mvua hiyo. Basi ikiwa kuangamia na kuota tena ni zamu tu ya majira, kijana ana kazi gani duniani?

Swali hili si la kitaaluma tu kwa mtoto wa Geita, Kahama au Shinyanga. Yeye hahitaji kuelezwa sura ya nchi iliyopinduliwa ndani nje. Mgodi wa Mwadui umechimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi wa kwanza wa Geita ulianza wakati wa mkoloni ukafungwa mwaka 1966. Mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi uliofunguliwa mwaka 2009 ukamaliza uhai wake katika muda usiofika miaka kumi na mitano. Pembeni ya hiyo mikubwa yako maduara ya wachimbaji wadogo, yako makarasha yanayosaga mawe, iko zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu, na wako watu wanaogombania magwangala, yaani mawe yaliyotupwa na mgodi, ili wapate chembe iliyosahauliwa. Kila shimo katika hayo lina mwenyewe na lina mkataba, na kama halina mkataba, basi lina sababu ya kutokuwa nao.

Yako pia mambo mazito kuliko mashimo. Mnamo miaka ya 2007 na 2008 mikoa ya Ziwa ilitiwa aibu na mauaji ya watu wenye ualbino, kwa imani kwamba viungo vyao huleta bahati, na bahati ya madini ilikuwa miongoni mwa hizo zilizotafutwa. Kabla ya hapo na baada yake vikongwe wa Usukumani wameuawa kwa kosa la kuwa na macho mekundu, macho yaliyoungua kwa moshi wa samadi ya kupikia. Mambo haya hayakuteremka kutoka mawinguni. Aliyeua ana jina, na aliyemlipa ana jina vilevile. Kijana aliyekulia katika habari hizo ukimpa riwaya inayosema dunia huisha yenyewe, umempa udhuru wa kutowatafuta wenye majina.

Watetezi wa Mzingile watasema kwamba mwandishi alikuwa ameuvunja kusudi uhalisia, maana uhalisia aliuona ni vazi la kuazima. Nao watataja tasnifu yake ya mwaka 1985 huko Wisconsin, iliyohusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Wataongeza kwamba fumbo ni mali ya Mwafrika. Naam, fumbo ni mali yetu! Tena hapa ndipo ninapowakamata, kwa sababu Usukumani tunayo hadithi ya dunia iliyokwisha, na imesimuliwa motoni kabla chuo kikuu chochote hakijajengwa.

Zimwi Shing'weng'we lilimeza watu wote na mifugo yote. Akasalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye makapi. Akamzaa Masala Kulangwa, jina lenye kubeba maana ya akili. Mtoto akaanza kukua, akaua panzi, akamwuliza mama: huyu ndiye? Mama akasema siye. Akaleta ndege, akaleta mnyama, na kila mara akauliza, na kila mara akajibiwa waziwazi, hata siku alipokutana na zimwi lenyewe akaliua na kulipasua tumbo, watu wakatoka. Hadithi ya kivivu ingekoma hapo kwa vigelegele. Lakini wahenga wetu hawakukoma. Kisu kilipopasua tumbo kilikata sikio la ajuza mmoja. Ajuza akaghadhibika, akataka kumloga mkombozi wake, na kijana akalazimika kutafuta dawa ya kujikinga. Hakumwua. Katika masimulizi niyajuayo mimi, shujaa aliyeua zimwi hakuinua kisu juu ya kikongwe anayemtuhumu.

Mwalimu wa Shinyanga apime mwenyewe uzito wa sikio lile. Ukombozi umeumiza mtu, aliyeumizwa amesema, na mwenye nguvu hakujibu kwa damu. Haya yote ni fumbo, ni uchawi na zimwi, hamna uhalisia hata kidogo. Lakini adui ana jina, swali lina jibu, na mshindi ana deni.

Hata huko Marekani, ambako vijana wetu wa mjini hutazama filamu zake, Suzanne Collins alipofunga mfululizo wake mwaka 2010 kwa Mockingjay wasomaji wengi walinung'unika kwamba mwisho ni wa majonzi. Binti wa mchimbaji wa makaa aliyelipukiwa mgodini anaelekeza mshale, si kwa mtawala wa zamani, bali kwa kiongozi mpya wa waasi aliyeanza kufanana naye. Sikipendi kitabu kile kwa mengi, na vita vyake vimerefushwa kupita kiasi. Lakini mshale ulijua unakokwenda.

Kezilahabi hakutoa riwaya nyingine baada ya Mzingile, naye alifariki Januari 2020. Ndiyo kusema neno lake la mwisho katika riwaya limebaki lilivyo. Mwalimu asilifiche, alisomeshe, ila asiliweke pekee mezani. Alisome baada ya Gamba la Nyoka, kisha awatume wanafunzi nyumbani wakasimuliwe Masala Kulangwa na bibi zao, na wakirudi darasani awaulize: katika Mzingile, ni sikio la nani lililokatwa, na nani alimsikiliza?