Mkichukua damu yetu, mrudishe majibu

Leo tunaandika na hasira kidogo, mtuvumilie.

Huku kambini, upande wa Gashonga, siye tuliokimbia Congo tumezoea kuhesabiwa. Watu wanakuja na tableti, wanauliza unakula mara ngapi, unaharisha mara ngapi, umelala na nani kwenye hema moja. Kuna timu moja ya utafiti ilikuja, jina hatutataja. Siye wavolontea tuliwatafsiria siku tatu, Kiswahili, Kinyarwanda, Mashi, malipo ikawa juisi na fulana. Walitoboa watoto vidole wakachukua damu. Wakasema majibu yatarudi baada ya wiki chache. Mpaka leo hatujaona hata karatasi moja.

Wao wameenda, siye tumebaki. Kuna mama mmoja kila tukikutana kwenye bomba la maji anatuuliza: "Wanangu, majibu ya mtoto wangu iko wapi?" Tunamwambia subiri mama. Alisubiri. Halafu ikaja kampeni ya kuangalia vipele, ile ya mpox ambayo wengi wanaita ndui ya nyani, na huyo mama akamficha mtoto nyuma ya mikeka. Tulimlaumu? Hapana. Alituamini mara ya kwanza, na siye ndio tuliomshika mtoto mkono akitobolewa.

Sasa tuelewane. Kuna vijana wenzetu wanaandika eti wazungu wanauza damu yetu, eti magonjwa ni biashara, tukatae kila kitu. Hapo tunapingana kabisa. Mambo hayo yalisemwa Butembo na Beni wakati wa Ebola. Tarehe 19 Aprili 2019 watu wenye silaha waliingia hospitali ya Butembo wakamuua daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyekuja kupambana na ugonjwa kwetu. Ebola ile ilipoisha mwaka 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Bongo inaua, bana.

Na utafiti unaponya, mfano tuko nao hapa hapa mpakani. Julai 1994 Wanyarwanda walivuka kwenda Goma, kinyume cha njia tuliyopita siye. Walikunywa maji ya ziwa Kivu yasiyosafishwa, kolera na kuhara damu vikawaingilia, karibu watu 50,000 wakafa kwa mwezi mmoja. Tunajua hivyo kwa sababu kuna watafiti walihesabu maiti barabarani na kwenye makaburi ya pamoja, kazi ambayo hakuna anayeitamani. Baada ya aibu ile mashirika yalikaa chini, mwaka 1997 wakaanzisha viwango vya Sphere. Kimoja kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku. Ukiona tunapiga kelele bomba likikauka, tunasimama juu ya hesabu ya wale wafu.

Kwa hiyo ugomvi wetu hauko na utafiti. Uko na mtafiti anayekuja mara moja tu.

Mwangalieni Profesa Jean-Jacques Muyembe, Mcongomani mwenzetu. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, kule Équateur, watu walikuwa wanakufa na homa isiyojulikana. Alichukua damu ya wagonjwa bila glavu, damu inamtiririkia mikononi, akanawa na maji na sabuni tu. Sampuli zikapelekwa Ubelgiji, na miaka mingi dunia ikataja Wabelgiji na Wamarekani, yeye hapana. Angeweza kununa. Yeye alirudi. Kikwit, 1995, alitia wagonjwa wanane damu ya watu waliokuwa wamepona Ebola, saba wakaishi. Wakubwa wengi wa sayansi hawakukubali. Lakini kutoka kwa mtu mmoja aliyepona Kikwit ilipatikana dawa iliyojaribiwa huko Kivu ya Kaskazini, na Desemba 2020 Marekani wakaipitisha. Jina lake Ebanga. Damu iliyotoka Congo ilirudi Congo ikiwa dawa. Ilichukua miaka 25, sawa, lakini ilirudi. Mwaka 2019 mzee huyo akasema sampuli za Congo zibaki Congo, zisomwe hapo. Alikuwa ameshapata somo lake.

Na mpox? Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuugua alikuwa mtoto wa Congo, mwaka 1970. Mwaka 2022 ugonjwa ulipofika Ulaya na Marekani, chanjo ikapatikana huko mwaka ule ule. Septemba 2023 aina mpya ikaanza Kamituga, mji wa dhahabu wa Kivu ya Kusini. Ndugu zetu wengine wametoka huko. Waliogundua kwamba ni aina mpya walikuwa Wacongomani wenyewe na washirika wao, walichukua sampuli hospitalini Kamituga, wakasoma vinasaba vyake, wakatoa onyo. Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura tarehe 14 Agosti 2024. Chanjo za kwanza zikatua Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024. Hesabuni wenyewe ni mwaka mzima. Watafiti wa Kamituga walifanya kazi yao. Waliopokea majibu ndio walichelewa.

Tuko na watu wa aina mbili basi: wanaochukua na hawarudi, na wanaoambiwa na hawasikii. Wote wawili wanaacha mama anaficha mtoto nyuma ya mikeka.

Tumekaa kama kundi tukakubaliana. Timu ijayo ikitaka watafsiri, tutauliza kabla ya kushika hata kalamu. Majibu yatarudi tarehe gani, na nani atasimama mbele ya wamama kuyasoma kwa Kiswahili? Mtoto akikutwa na ugonjwa, mtamtibu ama mtaandika tu namba yake? Na sampuli inaenda wapi? Wakijibu, tutawatembeza hema kwa hema, hata bila juisi. Wasipojibu, hatutawazuia, hatuna mamlaka hayo, lakini watafute mtu mwingine wa kumwambia yule mama asubiri.

Wazazi, na nyie mkiona kipele kwa mtoto msitungoje siye wala timu yoyote, mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Jumamosi tunakutana pale kwenye bomba saa tisa. Yule mama amesema atakuja.