Kompyuta Inayoganda: Tufundishe Kuchunguza, Tuache Kubahatisha

Wanachuo wanaojiandaa kwa mazoezi ya kufundisha huiogopa kompyuta inayoganda kuliko ile iliyokufa kabisa. Iliyokufa hali yake inajulikana: hufunikwa kitambaa ikamngoja fundi. Inayoganda huwaka vizuri asubuhi, ikamwacha mwanachuo aandike andalio la somo hadi ukurasa wa tatu. Kisha ghafla kishale hakisogei, herufi haziingii, saa iliyo pembeni mwa kioo inasimama, na kazi yote ambayo haikuhifadhiwa inapotea. Kesho yake haigandi hata mara moja. Ndipo watu husema, "Hii inaganda ovyo tu."

Katika makala haya tunakusudia kulipinga neno hilo "ovyo". Mashine haigandi pasipo sababu. Tunaposema inaganda ovyo, tunaeleza kwamba sisi bado hatujaiona sababu yenyewe. Maoni yetu ni kwamba mwalimu wa shule ya msingi anayejizoeza kuitafuta sababu hiyo kwa utaratibu hujifunza jambo kubwa kuliko kompyuta, na kwamba vyuo vyetu havina budi kulifundisha jambo hilo kwa vitendo.

Tuchukue mfano wa kompyuta moja ya mezani iliyokuwa katika chumba chetu cha kompyuta. Ilipoanza kuganda, kila mtu alikuwa na jibu. Wa kwanza alisema ni virusi. Wa pili alisema umeme hautoshi. Wa tatu alisema mashine imezeeka. Wa nne alisema Windows imeharibika. Huyu wa nne alisikilizwa. Windows ikafutwa na kuwekwa upya, si mara moja bali mara mbili, na kila mara kazi za wanachuo zilizokuwamo zilifutwa pamoja nayo. Kompyuta ikaendelea kuganda kama kwanza.

Hakuna hata mmoja kati ya hao wanne aliyesema jambo lisilowezekana. Virusi, umeme hafifu, uchakavu na programu mbovu, vyote huweza kuigandisha kompyuta. Kosa letu lilikuwa kutibu kabla ya kupima.

Tukaanza upya. Tuliweka daftari la mistari kando ya mashine, na kalamu tukaifunga kwa uzi. Kila aliyeitumia aliandika tarehe, saa aliyoiwasha, kazi aliyokuwa akifanya na, kama iliganda, saa iliyoganda. Baada ya wiki mbili tulihesabu: iliganda mara 11. Katika hizo, mara 9 zilitokea baada ya saa sita mchana, mashine ikiwa imekwisha kufanya kazi nusu saa au zaidi. Mara 2 tu zilitokea asubuhi. Dalili ya mvua ni mawingu. Jambo tuliloliita ovyo lilianza kuonyesha mpangilio, nao ulielekea kwenye joto.

Prosesa, yaani sehemu inayofanya hesabu zote za kompyuta, hutoa joto jingi. Juu yake huwekwa kipande cha madini chenye mapezi membamba, na juu ya mapezi hayo feni. Vumbi likijaa kati ya mapezi, hewa haipiti na joto halitoki. Prosesa nyingi za kisasa hupunguza kasi zenyewe joto linapokaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Hata hivyo, joto likiendelea kupanda, mashine huweza kukwama au kuzimika. Chumba chetu kina paa la bati lisilo na dari, na mchana huwa kama tanuri.

Tulizima mashine, tukachomoa waya ukutani, tukafungua kasha mbele ya wanachuo. Kabla ya kugusa chochote ndani, tuligusa kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli ulio mwilini, maana umeme huo mdogo huweza kuharibu vipuri. Kwa brashi laini tulitoa vumbi lililoshikana kama pamba, huku feni ikishikwa kwa kidole isizunguke. Tangu siku hiyo mashine haikuganda tena mchana.

Wengi wangeishia hapo na kupiga makofi. Lakini daftari lilikuwa limetaja pia zile mara 2 za asubuhi, ambazo hazikuelezeka kwa joto. Na kweli, baada ya siku nne mashine iliganda tena saa mbili asubuhi. Hapo ndipo tulipowafundisha wanachuo kanuni ambayo tungependa kila mwalimu aishike: badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha ngoja uone.

Mashine ilikuwa na vipande viwili vya kumbukumbu, vile mafundi wanavyoviita ramu. Tukaondoa kimoja, ikaendelea kuganda. Tukakirudisha na kuondoa cha pili. Ikafanya kazi wiki mbili bila kuganda. Tukakirudisha kile cha pili. Ikaganda siku iliyofuata. Tukasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli, kama mafundi wafanyavyo ili kuondoa uchafu unaozuia mgusano, bado ikaganda. Kwa hiyo ubovu ulikuwa katika kipande chenyewe. Tukakitoa, na kompyuta ikatulia.

Sababu zilikuwa mbili, na kila moja ilikuwa ikiificha nyenzake. Kama tungesafisha vumbi na kutupa vipande vyote viwili siku moja, pengine mashine ingepona, lakini sisi tusingejua kwa nini, na kipande kizima kingetupwa bure.

Kwa mashine nyingine ushahidi utaelekea kwingine. Ikiganda wakati wa kufungua au kuhifadhi kazi, huku diski ikitoa mlio wa kugongagonga, nakili kazi zako mahali pengine kwanza, maana diski hiyo yaweza kufa wakati wowote. Ikiganda katika programu moja tu, ichunguze programu hiyo kabla ya kuituhumu mashine nzima. Ikiganda kila mashine ya kuchomelea ya jirani inapoanza kazi, tazama umeme. Lakini kisanduku cha pawasaplai kisifunguliwe kamwe, hata kikiwa kimechomolewa, kwa kuwa kapasita zilizomo huweza kubaki na umeme wa kumdhuru mtu. Kishukiwapo, hubadilishwa kizimakizima, na kazi hiyo aachiwe fundi.

Njia hii haikuzaliwa na kompyuta za leo. John Dewey aliieleza mwaka 1910 katika kitabu chake How We Think: mtu huhisi tatizo, hulibainisha, hupendekeza ufumbuzi, hupima matokeo ya pendekezo lake kwa akili, kisha hulithibitisha au kulikataa kwa majaribio. Tarehe 9 Septemba 1947, mafundi wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya relei ya mashine hiyo. Hawakumtupa. Walimbandika kwa utepe katika daftari lao la kazi, wakaandika saa na relei aliyokutwa ndani yake. Daftari hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian.

Yamkini msomaji atatuambia, "Mwalimu si fundi." Tunakubali. Hatumtaki mwalimu ashike chuma cha kulehemu. Lakini wengi wenu mtapangwa katika shule yenye kompyuta moja au mbili, ilhali fundi yuko mjini na nauli yake haimo katika bajeti. Fundi akiambiwa "inaganda tu" huanza sifuri, na kila saa anayobahatisha hulipiwa na shule. Akikabidhiwa daftari, nusu ya kazi imekwisha fanywa. Isitoshe, tumewaona wahitimu wanaoweza kutaja kwa ufasaha sehemu zote za kompyuta katika mtihani, ilhali hawajawahi kuona ndani ya kasha. Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilionya dhidi ya kuthamini maarifa ya vitabuni pekee. Kukariri majina ya vipuri ni ugonjwa uleule katika vazi jipya.

Kuna sababu nyingine, nayo kwetu ndiyo kubwa zaidi. Darasani mtamkuta mtoto anayefanya hesabu vizuri Jumatatu, na Alhamisi akakaa kimya mbele ya swali lilelile. Mmoja atasema mvivu, mwingine atasema mtundu, wa tatu atasema ndivyo alivyozaliwa. Kabla ya kuchukua fimbo, chukueni daftari. Alikwama saa ngapi? Baada ya kipindi kipi? Alikuwa amekula? Aliketi wapi, na ubao aliuona? Huenda mkagundua kwamba hukwama kila anapoketi nyuma. Basi msogezeni mbele, msibadili jambo jingine wiki hiyo, kisha mtazame. Mtoto si mashine, na mambo ya moyo wake hayafunguki kwa bisibisi. Lakini naye anastahili kuchunguzwa kabla ya kuhukumiwa.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo mawili. Kila chumba cha kompyuta cha chuo kiwe na daftari la hitilafu, linalojazwa na wanachuo wenyewe. Na mashine mbovu, badala ya kufunikwa kitambaa, iwekwe mezani iwe zana ya kufundishia, chini ya uangalizi wa mkufunzi. Mwanachuo aliyekwisha kuitafuta sababu moja kwa subira, akakosea, akaandika, akajaribu tena, hatawaambia wanafunzi wake kwamba jambo limetokea ovyo tu.